Kamba wa Kunipa Uenyekiti

Jumatatu, 17 Machi 2025

Nimepata! Nimeona kwenye simu Mchina akikaanga kamba kwa pilipili, tangawizi, kitunguu saumu na sosi ya soya. Dakika tano tu! Ijumaa jumuiya yetu inasali Njia ya Msalaba hapa kwangu. Jumapili tunachagua mwenyekiti. Jirani yangu Yohanes ameshinda mara mbili mfululizo, na kila mtu anajua ni kwa sababu ya maharage anayotupikia. Sasa ni Kwaresima, Ijumaa hakuna nyama, watu wamechoka na maharage. Kamba si nyama. Uenyekiti ni wangu! Nimempigia rafiki yangu Bashiru wa Tunduru, atawaagiza Mtwara na kuwatuma kwa basi mpaka hapa Songea. Mke wangu Ida ameuliza kama nimewahi kupika chochote. Nimemkumbusha lile yai la mwaka juzi. Amesema analikumbuka, na sufuria pia.

Jumanne, 18 Machi

Nimetangaza. Bibi Kunegunda, katibu wetu, nimempa shikamoo kisha habari: kamba wa ukubwa wa kidole gumba! Akaitikia marahaba, akauliza kama wana miiba. Yohanes alikuwa anasikiliza ng'ambo ya ua. Uso ulimshuka. Nimelala mchana kwa raha.

Jumatano, 19 Machi

Mzigo umefika stendi. Uduvi! Wakavu, wadogo kama kucha zilizokatwa, mfuko mzima. Nimempigia Bashiru nikafoka. Akasema amefunga, nisimharibie swaumu. Akasema wale wakubwa wangefika Songea wakiwa mchuzi, na kwamba uduvi nao ni kamba, tena wengi zaidi. Nimekata simu. Kisha nikawaza: hata maharage huwa madogo yakiwa makavu. Nimeloweka nusu ya mfuko kwenye beseni na kutia magadi kidogo.

Alhamisi, 20 Machi

Hawajavimba. Wamekuwa uji wa kijivu, na mlangoni kuna paka watatu, mmoja wa Yohanes. Sikati tamaa! Nimekamua uji, nikachanganya na unga wa ngano, nikafinyanga kamba mmoja mmoja kwa mkono. Mkia wa karoti. Macho ya punje za pilipili manga. Jumla arobaini na wawili. Wa kwanza walifanana na funza, lakini kuanzia wa kumi mkono ulikuwa umezoea. Ida alinitazama, akachukua uduvi waliobaki mfukoni, akaondoka nao. Wivu.

Ijumaa, 21 Machi

Mchina alitia pilipili mbili. Zake zilikuwa ndefu, hizi kichaa zetu ni ndogo, kwa hiyo nikatia kiganja kizima. Hesabu tu. Kamba wakafumuka kwenye mafuta, vichwa huku, mikia kule. Nikakoroga vyote nikaita rosti ya Kichina.

Baada ya sala Bibi Kunegunda akaonja wa kwanza. Akavua miwani. Yohanes akalia kwa sauti. Punde sebule nzima ilikuwa inatiririka machozi. Katekista Saimon, aliyechelewa, akasimama mlangoni na kusema hajawahi kuona jumuiya iliyoguswa hivi na mateso ya Bwana.

Ndipo Ida akaingia na sufuria lake: uduvi wa nyanya na karanga, pamoja na ugali. Watu walikula mpaka wakakwangua ukoko. Niliona aibu, kusema kweli. Nikala sahani mbili.

Jumapili, 23 Machi

Matokeo. Yohanes, kura saba. Mimi moja, niliyojipigia mwenyewe. Ida, ambaye hata hakugombea, ambaye Bibi Kunegunda alisimama tu akamtaja: kumi na nane! Nimemuuliza kama angalau alifikiria kunipigia. Amesema kura ni siri, na agizo lake la kwanza kama mwenyekiti ni kwamba nisikanyage jikoni mpaka Pasaka.

Iliniuma. Lakini nimetafakari na kosa nimeliona: Bashiru. Nimesubiri mpaka amefuturu, ameshiba na amepoa, nikampigia. Pasaka ni wiki nne tu, mwenyekiti mpya lazima afanyiwe sherehe, na leo nimeona Mkorea akipika pweza. Bashiru amekubali. Amesema mbichi hatafika salama, labda mkavu. Nimemwambia mkavu hana shida. Magadi bado ninayo.