Kiti cha Mbele cha Gari la Pweto

Jumapili, 26 Oktoba 2025

Mwaka wa nne umeanza tangu nitoke Pweto. Nilimwambia Jeanne naenda Lubumbashi kwa msimu mmoja wa mvua. Tangu hapo mabega yangu yamepandisha unga wa nusu ya Katanga kwenye malori, na msimu ule bado haujaisha.

Leo kikao cha kamati, nyuma ya ukumbi wa parokia, hapa Bel-Air. Chama chetu ni Tusome Mangaribi, yaani jioni. Tunafundisha watu wazima kusoma na kuandika wakitoka kazini. Mimi mwenyewe niliingia kama mwanafunzi, maana shule niliiachia darasa la tano. Baadaye wakaniweka katika kamati niwasemee wanafunzi. Nilipompigia Jeanne kumweleza kwamba mume wake sasa ni mjumbe, aliuliza mjumbe anarudi nyumbani lini.

Habari kubwa. Chama kinafungua darasa Pweto. Mjumbe mmoja atakwenda na gari, apeleke vibao na chaki, aanzishe darasa, akae kule hadi Pasaka. Ataketi mbele, karibu na dereva. Mwenyekiti wetu, Mama Lydie, alikuwa nesi, hapendi maneno mengi. Alininyooshea kidole: "Kapya iko muntu ya kule. Ataenda yeye. Tupite ku jambo lingine."

Hapo ningenyamaza. Kila mtu alikuwa tayari kupita kwenye jambo lingine. Lakini jambo kubwa namna hii lipite kama mtu ameomba chumvi kwa jirani? Nilitaka kufika Pweto nikiwa mtu aliyechaguliwa. Nikasimama. Nikasema kwa heshima ya chama, wanafunzi wachague wenyewe.

Mama Lydie aliweka kalamu chini. Akauliza nani mwingine anataka kwenda. Hakuna. Nikaona uchaguzi wa mtu mmoja hauna sifa yoyote, nikampendekeza Numbi.

Numbi anauza makala, makaa ya kupikia. Kwao Mitwaba. Ndiye anayeshika mlango wa darasa: kengele ikilia, anafunga, na mama aliyechelewa kutoka sokoni anabaki nje na beseni lake kichwani. Nani atamtaka mtu huyo? Ndiyo maana nilimchagua.

Numbi alinigeukia pole pole. "Kapya, mimi nilikukosea nini?"

Jumatatu, 27 Oktoba

Jeanne amepiga simu. Binti yetu Chancelvie amepata mchumba. Watu wa mwanaume watakuja nyumbani Jumamosi ya mwisho ya Novemba.

Kwetu wanakuja na sahani iliyofunikwa. Wanaiweka chini mbele ya baba wa msichana. Baba akiifunua, amekubali. Asipoifunua, wanainua sahani yao na kurudi. Chancelvie amesema anataka mikono yangu ndiyo ifunue, si mikono mingine. Bila mimi, atakaa Musonda, kaka yake Jeanne. Musonda amengoja kukaa mahali pangu tangu siku ya harusi yetu.

Nilimwambia Jeanne nitakuwa nimefika kabla ya hapo, na kwa cheo. Akasema: "Baba Chancelvie, usinipatie tena mwezi. Unipatie siku ya kupanda gari."

Nilimwambia siku itatoka kwenye uchaguzi. Akasema hakujua kama mtu anachaguliwa kurudi kwa mke wake.

Alhamisi, 30 Oktoba

Depo, ghala la unga ninakopakia. Jua kali. Tumepakia lori la Ngosa, linakwenda Pweto kama kila wiki. Ngosa ni kijana wa kwetu, najua mpaka bibi yake mzaa baba. Alinikuta nimeketi juu ya gunia natafuta pumzi.

"Ba Kapya, kila wiki unapakia gari ya kwenu na unabakia. Panda juu. Utalala ku magunia, siku ya tatu unanawa uso na maji ya ziwa Mweru. Sitakuomba hata sigara."

Nilimweleza kwamba mjumbe wa kamati hawezi kufika kwao juu ya magunia, na unga masikioni, kama muhogo uliosahauliwa. Nitafika mbele, karibu na dereva. Ngosa alicheka akisema gari ni ile ile, na mbele na nyuma vinafika siku moja.

Kijana hajui mambo ya uongozi.

Jumanne, 4 Novemba

Kazi ya kujipendekeza kwa wanafunzi imeanza, na inaenda vizuri kuliko nilivyotazamia.

Kwanza, mlango. Numbi akifunga wa mbele, mimi nafungua wa jikoni. Wamama wanaingia wameinama, viatu mkononi, wanabana vicheko. Wakati mwingine Numbi anageuka na kukuta darasa limenenepa. Hajaelewa.

Pili, karanga za kuchemsha. Nawapelekea kabla ya somo, maana mtu mwenye njaa anaona herufi zote zinafanana. Nalijua hilo mimi mwenyewe.

Tatu, Sephora. Anauza nyanya. Mwezi mzima amekuwa akishindwa kuandika jina lake, anafuta, anaanza upya, anafuta. Leo nilikaa karibu naye. Nilimwambia aache kukaba chaki kama shingo ya kuku. Ameandika jina lote. Hakutaka kulifuta. Amekwenda na kibao nyumbani amekibeba kifuani, na kibao ni mali ya chama. Numbi alitaka kumzuia mlangoni. Nilisimama katikati yao.

Kura ya Sephora ninayo. Na ya mama aliyeketi nyuma yake, aliyekuwa akilia, ninayo pia.

Kisha nilimvuta Numbi pembeni nimwogopeshe kidogo, asije akapenda safari. Nikamweleza mamba wa Mweru, na mbu, na harufu ya samaki waliokaushwa inayoingia hadi ndani ya Biblia. Alinisikiliza kwa makini. Kule Mitwaba, alisema, hakuna ziwa. Mtoto wake amemwuliza ziwa likoje, akashindwa kumjibu. Akaniuliza kama upande wa pili unaonekana.

Nilijuta kumwambia kwamba asubuhi, kukiwa safi, Zambia inaonekana.

Jumapili, 9 Novemba

Siku ya kuchagua. Nilivaa shati jeupe.

Sisi hatutumii karatasi, maana nusu ya wanafunzi bado hawajui kuandika jina la mtu. Wanaotaka kuchaguliwa wanasimama uani, na kila mwanafunzi anajipanga nyuma ya mtu wake. Nimesema wanaotaka. Numbi alikuwa amesimama kwa sababu Mama Lydie alimwambia asimame.

Mama Lydie alieleza vizuri: atakayepata mstari mrefu ndiye atakayeondoka kwenda Pweto hadi Pasaka. Akapiga makofi. Nilitazama mbele, kama inavyofaa. Nilisikia kandambili nyingi zikikwaruza chini. Nilijiambia nisigeuke mapema, nisije nikaonekana mwenye tamaa.

Nilipogeuka, nyuma yangu alikuwapo Papa Adalbert peke yake, mzee wa kamati aliyefanya kazi kwenye reli. Nilimshukuru kwa moyo wote. Akaniambia nisogee kidogo, ninamzibia kivuli.

Mstari wa Numbi ulipita bomba la maji, ukazunguka choo, ukarudi.

Sephora alikuwa wa kwanza nyuma yake. Nilimwendea. Sikuweza kujizuia, nikamwuliza nimekosea wapi. Alinishika mkono kwa mikono yote miwili, kama mtu aliyefiwa.

"Papa Kapya, weye tunakupenda. Sasa tukikutuma ku Pweto, tutabakia na nani? Na huyu wa mlango?"

Wamama wote waliitikia. Mmoja akasema Numbi akienda hadi Pasaka, wao watapumua hadi Pasaka. Walinipigia vigelegele. Mimi, niliyeshindwa. Walinipa karanga kutoka kwenye karanga zangu.

Numbi alikuwa bado amesimama mbele ya watu wake. Macho yake yamelowa. Hakujua kabisa kwamba wanampenda hivyo. Na hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Jumatatu, 10 Novemba

Sikupata usingizi mzuri. Baada ya kazi nilikwenda kwa Mama Lydie. Nilizunguka sana. Nilizungumzia mvua, nikazungumzia paa la ukumbi. Mwishowe nikasema labda Numbi hajui Kibemba cha kule, labda uchaguzi uangaliwe upya.

Aliacha kuchambua sombe, majani ya muhogo. "Kumbe weye ulitaka kuenda?"

Nilijibu kwamba si mimi ninayetaka, ni kazi inayotaka.

Alisema siku zote ananisikia nikiwaambia watu kwamba Lubumbashi ni kwangu, mtu aliyekunywa maji ya hapa hawezi tena maji mengine. Akauliza kama kuna shida nyumbani. Niseme tu. Ataita kamati, ataeleza wanafunzi, hakuna atakayekataa.

Ningesema. Jina la Chancelvie lilikuwa tayari mdomoni. Lakini mjumbe wa kamati atamlilia mwenyekiti kwamba anatamani nyumbani, kama mtoto wa bweni? Nilisema kwetu wote wazima. Nikamsifia sombe yake, ambayo ilikuwa bado mbichi.

Jumanne, 18 Novemba

Vibao vya chama vimekwenda leo. Chama kimechukua nafasi kwenye gari gani? La Ngosa. Limepakiwa wapi? Depo yetu. Limepakiwa na nani?

Nilibeba masanduku ya chaki mimi mwenyewe, nikayafunika kwa turubai yasilowe. Niliweka pia kitenge cha Chancelvie, nikamkabidhi Numbi. Nilimweleza nyumba yetu iko wapi: ukipita soko la samaki, mlango wa bluu. Numbi aliketi mbele amevaa kofia mpya. Alinishika mkono kupitia dirisha, akanishukuru kwa kumpendekeza. Akasema hajawahi kutendewa wema kama huo na mtu asiye wa kwao.

Ngosa alizunguka gari akanijia. Hakucheka safari hii.

"Ba Kapya, juu kuko nafasi. Muko pale katikati ya magunia, hakuna upepo. Siku ya tano tutakuwa kwenu, hata mvua ikinyesha. Mutoto yako anakungoja. Panda."

Nilitazama juu. Nafasi ilikuwapo kweli. Mimi ndiye niliyepanga magunia, na sijui kwa nini niliacha pengo linalomtosha mtu kulala.

Lakini Numbi mbele na mimi juu? Watu wa Pweto wangeuliza nani mjumbe na nani mzigo. Nilimwambia Ngosa kuna kazi nyingi za kamati. Aliondoka. Nilibaki na turubai moja mkononi, sikukumbuka lilikuwa la gari gani.

Jumamosi, 29 Novemba

Nimeingia kazini kama kawaida. Simu mfukoni.

Mchana aliyepiga ni Numbi. Kelele nyuma yake, ngoma, watoto. Alipeleka kitenge siku aliyofika, na Jeanne akamwambia arudi Jumamosi, ni mgeni kutoka kwa baba wa nyumba. Leo amerudi. Kiti cha baba kilikuwapo, Musonda anakielekea. Halafu Musonda huyo huyo akasimama katikati ya uwanja, akasema mtu huyu ametoka Lubumbashi, ametumwa na kamati ya shemeji yangu, basi akae yeye. Numbi alikataa. Wakamshika mabega wakamketisha.

Niliuliza sahani ilikuwaje.

Alisema Chancelvie alipomwona kwenye kiti aliangalia barabarani, muda mrefu, na watu wote wakamngoja. Halafu akatikisa kichwa kwamba sawa. Numbi akafunua. Mikono yake, alisema, alikuwa ameiosha mara nyingi sababu ya makala.

"Nilisema jina lako kwanza, yaya," aliniambia. "Nilisema hii mikono iko ya Kapya." Hajawahi kuniita kaka mkubwa.

Nilimwambia amefanya vizuri. Nikaomba nizungumze na Chancelvie. Alikuja. Hakusema mengi. Alisema kitenge ni kizuri. Akauliza kama hapa mvua inanyesha.

Niliporudi kwenye magunia, wenzangu waliniachia mepesi. Sikuwa nimewaambia kitu.

Jumapili, 30 Novemba

Kikao cha kamati. Nusura nisiende.

Mama Lydie amepata habari zote kutoka kwa Numbi. Alinitazama namna anavyotazama kidonda kilichofichwa. Hakunigombeza mbele ya watu. Alisema tu kwamba Pasaka Numbi anarudi, na lazima mtu akashike nafasi yake kule, na sasa kila mtu anajua ni nani. Harusi yenyewe ya Chancelvie ni baada ya Pasaka. "Kapya ataenda. Gari ya Ngosa, kiti ya mbele. Bila maneno. Tupite ku jambo lingine."

Papa Adalbert akasema ndiyo. Wengine wakasema ndiyo. Jambo lingine lilikuwa paa.

Lakini nilifikiri. Watu watasema nini? Kwamba Kapya alishindwa uani mbele ya wote, kisha akapewa safari kwa huruma, kama mgonjwa anavyopewa uji? Nifike kwenye harusi ya mwanangu kwa huruma? Hapana. Uchaguzi ule ulikuwa na kasoro moja tu: wanafunzi hawakuwa wamenipenda vya kutosha. Miezi hii yote hadi Pasaka itatosha. Mlango wa mbele sasa ninao mimi. Nitaongeza karanga. Nitamfundisha Sephora kuandika jina la mama yake.

Nikasimama. Nikasema kwa heshima ya chama, wanafunzi wachague.

Papa Adalbert alifunika uso kwa kofia. Mama Lydie aliniambia nikae. Sikukaa. Akaniambia mara nyingine. Mwishowe akauliza, kwa sauti ya chini sana, nishindane na nani.

Nimempendekeza Papa Adalbert. Ni mzee, anapenda kivuli, hawezi safari. Nani atajipanga nyuma yake?

Nimempigia Jeanne jioni hii hii kumpa siku. Hakupokea, nimemwachia ujumbe kwa Ngosa, anaondoka alfajiri na gari lake, nafasi juu tele. Amwambie asihangaike tena kuuliza: mume wake anarudi Pasaka, mbele, karibu na dereva.