Memori ya Mombasa na Kompyuta ya Maskati

Barabara ya 12, Ngamiani,
Tanga.
14 Septemba 1997

Kwa Dada yangu Mkubwa, Bi Muzna binti Wael,
Maskati.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MEMORI ISIYO NA ASILI, NA OMBI LA KULETEWA YENYE ASILI PAMOJA NA MWANAO GHADIR

Dada, shikamoo.

Natumai barua hii itakukuta una afya ya kutosha kukasirika, kwa kuwa nimekusudia tukasirike pamoja. Nakuandikia kiofisi, kwa namba, na si kama yule mdogo wako uliyekuwa ukimfunga vifungo vya shati, kwa sababu jambo lenyewe limevuka mipaka ya udugu. Nakuandikia kwa kalamu pia, na sababu utaiona.

Utakumbuka mwaka jana uliniletea kompyuta ya kupakata, kwa mkono wa mgeni aliyepitia Dubai, ili niandike nasaba ya ukoo wetu kabla wazee waliobaki hawajaondoka nayo. Kazi niliianza kwa bismillahi. Upande wa baba nimeumaliza: majina mia mbili na kumi na saba, kuanzia babu aliyeteremka Pangani hadi binti yangu Suhaila. Lakini kila nikigeukia upande wa mama, kompyuta inaganda. Mshale hautembei, herufi hazitoki, na chini panaandikwa kwa Kiingereza kwamba memori haitoshi. Nimejaribu mara tisa. Naandika jina la mama, Wanu, na kabla sijafika kwa baba yake, imekwama.

Kwa hiyo nikaitiwa fundi, na malalamiko yangu yanaanzia kwa fundi huyo.

1. Fundi anaitwa Yakoub, kijana wa Kipemba, ambaye zamani alitengeneza redio na sasa anatengeneza kompyuta kwenye kibanda chake karibu na stendi. Baba yake analima karafuu Wete. Aliifungua kompyuta mgongoni kwa bisibisi nyembamba, akachungulia, akasema ina megabaiti nane tu, na kwamba kuna nafasi wazi ya kuongezea nane nyingine. Mimi sikujua kwamba kitu ulichoniletea kina nafasi wazi. Nilidhani kimekuja kamili. Hilo ni lalamiko dhidi yako, dada, ila ni dogo na nimekwisha kukusamehe.

2. Memori hiyo ya kuongezea ilinunuliwa Mombasa, ikavuka mpaka wa Horohoro ndani ya kiberiti kitupu, imeviringwa pamba. Haikuwa na boksi, haikuwa na muhuri, haikuwa na cheti. Nilimuuliza Yakoub imetengenezwa na nani. Akasema na kampuni nyingine. Nikamuuliza kampuni hiyo ina uhusiano gani na kampuni ya kompyuta. Akasema hawana uhusiano wowote, ila meno yanalingana. Naomba usome tena sentensi hiyo, kwa sababu mimi niliisikia nikiwa nimekaa na bado nilihisi kizunguzungu.

Haya ndiyo tuliyoletewa na soko huria. Wewe uliondoka hapa wakati wa foleni, ukatuacha tukifulia majani ya mpapai, na najua unatuhurumia mpaka leo. Lakini wakati ule tulikosa sabuni tu. Hatukuwa na sabuni ya bandia. Siku hizi maduka yamejaa, na mtu ukinunua betri huna hakika kama umenunua betri au umenunua umbo la betri.

3. Pamoja na hayo, sikuikataa. Unajua msimamo wangu kuhusu kufu: kila mtu aoane na wa asili na daraja yake. Lakini mgeni akishafika mlangoni, heshima yake anapewa. Nikasema memori hii haitaingia ndani ya kompyuta kama inayoingia gulioni. Nikaiweka pamoja na kompyuta ndani ya kasha la mama kwa siku saba ili wazoeane. Kila alasiri nikawafukizia udi kwa chetezo. Siku ya saba nikachukua yale mafuta ya udi uliyoniletea, nikachovya pamba, nikayapaka yale meno ya dhahabu, jino moja moja, nikihesabu. Mke wangu Samira alisema chombo cha umeme hakipakwi mafuta. Nilimkumbusha kwamba yeye mwenyewe alipakwa, na hakuharibika.

4. Siku ya nane Yakoub akaitia memori ndani, mbele ya Samira, Suhaila, jirani yetu Fundi Ernesti, na mimi. Nakuomba uyapime haya kwa utulivu. Kompyuta ikawashwa. Ikalia mara tatu, kwa sauti kali, kisha uso wake ukabaki mweusi. Ikazimwa, memori ikatolewa, ikawashwa tena: ikaamka vizuri kabisa. Memori ikarudishwa: ikalia mara tatu. Yakoub akasema labda hazielewani, kwamba kuna kompyuta zinazochagua, na kwamba atauliza Mombasa. Mimi sikuhitaji kuuliza Mombasa. Nilikuwa nimeona chombo kinachojiheshimu.

5. Sasa naingia kwenye lalamiko lenyewe, na hapa naomba uvae miwani.

Katikati ya zile siku saba, Yakoub alituma wazee kuja kumposa Suhaila. Kumbe mara zote alizokuja kuchungulia mgongo wa kompyuta, na alikuja mara nyingi kuliko skrubu zilizomo, kulikuwa na mambo mengine yakichunguliwa. Sikutaka wazee wale warudi Pemba wakisema Himyar bin Wael anakataa watu kwa asili zao, maana mimi ni mtu wa kisasa na nina kompyuta. Nikawajibu kwa hekima: siku kompyuta ile itakapoikubali memori ya kijana wenu, na mimi siku hiyo hiyo nitamkubali kijana. Wakatazamana. Ilikuwa ni hapana, lakini haikutamkwa, na waliondoka wakinishukuru.

Basi kompyuta imekwisha kuhukumu. Ungetegemea nyumba itulie. Badala yake Suhaila hasemi nami tangu Jumatano. Chai ananiletea, lakini sukari anaiacha jikoni, na nikiiulizia anatazama dari. Macho yamemvimba na anasema ni vitunguu, wakati siku tatu hizi tumekula wali kwa nazi tupu. Samira yeye anasema, wazi kabisa, kwamba nimeyatoa maisha ya mtoto yakahukumiwe na sanduku lisiloweza hata kuandika jina la mama yangu. Nimeyaweka maneno hayo hapa kama yalivyotoka ili ujue ninavyoishi.

6. Kisha wakamleta mama. Wanasema mama yetu, Bi Wanu binti Shaib, alikuwa Mpemba wa huko huko Wete, na baba alimwoa na hakuna kompyuta iliyolia. Hoja hii ni dhaifu. Mama hahesabiwi. Mama alikuwa amekwisha kuzoeleka. Mimi nilipozaliwa tayari nilimkuta.

7. Fundi Ernesti, ambaye ni Mbondei wa Muheza na haya hayamhusu, naye aliona aingie. Alinyoosha kidole kwenye cherehani ya mama. Unaikumbuka: kichwa cha Kijerumani, miguu ya Kichina, na mkanda ambao yeye Ernesti aliukata kwenye tairi la baiskeli mwaka themanini na tatu, wakati sindano tu ilikuwa habari ya mji. Nikamweleza kwamba ule ulikuwa wakati wa dhiki, na kuchanganya kwa dhiki si sawa na kuchanganya kwa hiari. Akaniuliza, kwa upole wake ule wa kuudhi, kama sasa dhiki imekwisha aje aing'oe ile miguu. Nikamwomba apunguze sauti, kwa sababu Samira alikuwa akiishonea wakati huo huo.

Kwa hayo yote, naomba yafuatayo.

Kwanza, unitumie memori ya asili, iliyotoka kampuni ile ile iliyoizaa kompyuta, ikiwa ndani ya boksi lake na muhuri haujakatwa.

Pili, kwa mkono wa mgeni huyo huyo, unitumie mwanao Ghadir aje amwoe Suhaila. Najua ana miaka arobaini na moja. Najua Kiswahili kimemtoka, na kwamba picha aliyotuletea ameegemea gari la mtu mwingine. Hayo ni madogo. Asili ni moja, na mengine yatalingana mbele ya safari.

Tatu, ikiwa memori ya asili nayo itakataliwa, nitumie kompyuta nyingine. Ikiwa Ghadir naye atakataliwa, basi naomba uniulizie huko, kimya kimya, kama kuna mahali wanapobadilisha mabinti, maana nasikia kwenu siku hizi kila kitu kinapatikana. Nataka binti wa namna hii hii, mwenye akili hii hii na mkono huu huu wa kupika, isipokuwa awe anamtaka Ghadir.

Nisalimie shemeji, wajukuu wote hadi wale wasionijua, na Bi mkubwa wa nyumba ya pili aliyeniletea tende. Samira anakusalimu. Suhaila angekusalimu kama angekuwa anasema na watu.

Ni mimi mdogo wako, mlalamikaji na mwenye haki,

Himyar bin Wael

Tanbihi. Barua hii niliifunga asubuhi. Sasa ni baada ya alasiri na nimeifungua mwenyewe kwa kisu cha jikoni.

Yakoub alikuja bila kuitwa. Alinipa shikamoo, akasema amekuja kuichukua memori yake airudishe Mombasa, na kuaga pia, kwa kuwa anafunga kibanda anarudi kwao Wete. Suhaila alikuwa mlangoni na sinia la chai mikononi, hakuingia wala hakutoka. Ernesti alikuwapo, kama kawaida yake.

Kijana aliitoa memori, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Kisha akaisogeza karibu na pua. Halafu akamwomba Suhaila raba ya penseli, akaweka memori kwenye goti, akaanza kuyasugua yale meno taratibu, jino moja moja, kama nilivyoyapaka mimi. Ernesti akamuuliza ina nini. Yakoub akajibu bila kunitazama: "Vumbi tu hili, la njia ya Horohoro. Kitu hichi chataka kupanguswa tu." Akaitia, akaisukuma kwa kidole gumba mpaka ikasema tak. Akawasha. Kompyuta ikahesabu, ikapita nane, ikafika kumi na sita, ikafunguka.

Walipokuwa wote wanaitazama, mimi niliokota chembe za raba zilizobaki mezani nikazinusa. Ni udi, dada. Ni ule wako.

Alijua. Alikuwa ameishika dawa ya kunimaliza mbele ya mke wangu, binti yangu na Ernesti, naye akasingizia barabara. Nimeona haya ambayo sijaiona tangu siku ile uliponikuta nimekula futari kabla ya adhana, ukaniambia nijifute mdomo baba asione. Kama hiyo siyo asili ya mtu, basi mimi sijui miaka yote hii nilikuwa naandika nini.

Nilitaka kuichana barua. Nimeona niitume ilivyo, kwa sababu ni wewe tu unayeweza kuisoma yote ukanicheka bila kuwasimulia watu. Namba moja hadi saba zifute. Memori usilete. Ghadir abaki na gari. Njoo wewe mwenyewe, na kitambaa cha kushona nguo ya bi harusi, maana neno nililowapa wazee wa Wete lina mashahidi, na Samira amekwisha kuitia cherehani mafuta.

Naambatanisha nasaba, imechapwa leo hii kibandani kwa Yakoub. Upande wa mama umeingia wote, majina tisini na manne, yeye akiwa katikati na Wapemba wake wamemzunguka. Tazama chini kabisa, pembeni mwa Suhaila, kuna jina moja jipya. Nililiandika kwa kidole changu mwenyewe, na kompyuta haikulia hata mara moja.