Nilivyovaa Kanga za Bibi Kumkwepa Mama Mkwe

Leo nimeaibika, ndugu zangu. Nasimulia mwenyewe kabla Bibi hajanitangulia (akianza yeye, habari itafika mpaka Sudi kule pwani kabla ya magharibi).

Niko ukweni, kijiji cha ndani kidogo kutoka Mtama. Tumekuja na mke wangu, Somoe, kukaa wiki moja, na wiki nzima mvua haijatuachia. Mvua za huku hazina haraka. Zinaanza mbali, juu ya mikorosho, kama watu wengi wanaonong'ona. Kisha zinafika kwenye bati na mazungumzo yote ndani yanakatika. Tunakaa tu. Tunachemsha ming'oko, ile mizizi ya porini, tunamenya, tunachovya kwenye chumvi na pilipili. Somoe ananyoosha miguu yake iliyovimba na Bibi, mama wa mama yake, anaikanda taratibu. Mimi natazama. Kuna vitu mtu unaviandikia kitabu kizima huvipati, halafu unavikuta kwenye mkeka siku ya mvua.

Lakini mama mkwe hakai nasi.

Huku kwao mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani. Nikiingia ukumbini, yeye anatokea uani. Tukikutana njiani, mmoja anaingia kwenye majani kama anatafuta kuni. Tangu nimuoe Somoe, mama huyu hajanisemesha hata mara moja. Ujumbe unapita kwa Bibi, ambaye ni mtani wangu, ananiita mume wake, na kila anachotumwa anakitia chumvi.

"Mama, muulize mgeni kama ameshiba," mama mkwe anasema nyuma ya pazia.

"Mume wangu," Bibi ananigeukia, "mama mkwe wako anauliza utaacha lini kula."

Tungecheka tukaishia hapo. Ila safari hii tulikuja na ombi. Somoe ana mimba ya mapacha, ya kwanza, na nesi alimwambia miezi ya mwisho asikae mbali na hospitali. Kwa hiyo atajifungulia Lindi, tunakoishi, si kwa mama yake kama alivyotaka. Basi tukamwomba mama aje kwetu. Mama akakataa. Hakukataa kwa ubaya. Alimwambia Somoe, "Nyumba ya vyumba viwili, mlango mmoja wa kutokea, mimi na mkwe? Nitapita wapi, mwanangu?"

Juzi Somoe aliniambia, "Bila mama naogopa." Akasema hivyo tu, kisha akageukia ukutani.

Nikaamua nitakuwa mkwe mwepesi kuliko wote. Sitasikika nikikohoa. Sitaonekana nikitafuna. Mama ataona kwamba mtu kama mimi unaweza kuishi naye nyumba moja usijue yupo. Kesho tunaondoka, kwa hiyo leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kumthibitishia.

Asubuhi nikaenda kuoga. Bafu liko nje, kuta za makuti. Nikatundika msuli wangu juu ya ukuta, nikajimwagia maji, nikajisugua vizuri. Upepo ukaja. Msuli ukaangukia upande wa pili, kwenye mkondo wa maji ya mvua. Nilichungulia kwenye tundu nikauona ukielekea kwenye mikorosho, taratibu, kama mgeni aliyeaga vizuri.

(Suruali zangu zote zilikuwa zimelowa, zinaning'inia chumbani. Taulo nilimwachia Somoe. Msiniulize zaidi.)

Kuita nisingeweza. Mama mkwe alikuwa jikoni, jiko la uani, katikati ya bafu na mlango wa nyuma. Nilimsikia akikuna nazi. Ningeita, angekuja nani kama si yeye?

Hapo nikaona kanga za Bibi. Doti nzima, kwenye kamba chini ya upenu, mkono unafika. Moja nikajifunga kiunoni. Ya pili nikajitanda kichwani mpaka puani. Nikawaza: nikipita hivi, mama atadhani ni Bibi anatoka chooni, wala hatainua macho. Nikainamisha mgongo. Nikaburuta miguu kama yeye. Hata nikajishika nyonga. (Mimi ni mwandishi wa riwaya, jamani, kumwingia mhusika ndiyo kazi yangu!)

Nikapita jiko. Mbuzi ya nazi ikasita, kisha ikaendelea kukuna. Nikajipongeza.

Kujipongeza ndiko kulikoniponza. Uwanja wa huku ni udongo mwekundu, ukilowa ni sabuni. Mguu wa kulia ukaenda Mtama, wa kushoto ukabaki. Nikaanguka pwaa! Nikateleza kifudifudi mpaka karibu na banda la kuku.

"Yarabi! Mama!" nikasikia kutoka jikoni.

Ndugu zangu, alikuja mbio. Mama mkwe wangu, ambaye hajawahi kunikaribia, akanipiga mikono kwapani kutoka nyuma na kuanza kuninyanyua.

"Si nilikwambia usitoke mvuani? Mtu mzima husikii! Umevunjika?"

Ningesema nini, na sauti hii? Nikabana koo. "Mm-mm," nikajibu, nyembamba kama ya kifaranga.

"Kiuno?"

"Mm-mm."

"Mbona umekuwa mzito hivi?"

Mlango wa nyuma ukafunguka. Bibi akasimama pale, kikombe cha chai mkononi.

"We binti," akasema, "unamwokota nani? Mimi niko huku."

Mama akaivuta kanga kichwani mwangu, na kwa mara ya kwanza tangu ndoa tukatazamana, mimi na ndevu zangu zilizojaa tope.

Nikasema neno la kwanza lililonijia.

"Shikamoo, mama."

Akaniachia. Nikaanguka mara ya pili, na hii ndiyo iliyoniumiza.

Yeye alikimbilia jikoni, mimi chumbani. Somoe alinisafisha mgongo, kisha akageukia ukutani, nikaelewa. Ombi letu limekwisha. Mama gani atakuja kuishi na mkwe wa namna hii? Nikakaa kitandani nikisikiliza bati. Kumbe mtu anaweza kutunza adabu mpaka akaivunja kwa kuitunza.

Baada ya muda nikasikia hatua nje ya pazia la mlango.

"Baba, umeumia?"

Nikageuka kumtafuta Bibi anifikishie jibu. Bibi hakuwepo. Swali lilikuwa langu.

"Sijaumia, mama. Nisamehe."

"Nikusamehe kuanguka?" Akasogea karibu na pazia. "Mimi nilikuwa naogopa huo mlango wenu mmoja. Nilijiuliza tutapishana vipi. Sasa leo nimekubeba kwapani kama furushi la mihogo. Mlango utanishinda?"

Nikamshika Somoe mkono.

"Mwanangu anaogopa kuzaa, halafu mimi nahesabu milango," akasema. "Kesho tunaondoka wote. Mwambie Somoe."

"Mwambie mwenyewe, mama. Yuko hapa analia."

Hapo ndipo alipocheka. Nadhani alikuwa amekizuia kicheko tangu asubuhi, maana kilitoka chote kwa pamoja, Somoe akakidaka, na kutoka ukumbini Bibi akapaza sauti: "Mume wangu, kanga zangu utazifua mwenyewe! Na nyonga mimi sijishiki hivyo!"

Sasa hivi mvua imepungua. Kila mama mkwe akikaribia kutulia, Bibi anasimama, anaonyesha nilivyokuwa natembea, na wanaanza upya. Basi nawaomba, nyinyi msinicheke. Nafasi zote zimeshachukuliwa na wakwe.