Familia ya Kukodi

Jumatano, tarehe tisa Aprili. Asubuhi ilikuwa ya manyunyu, yale yanayokera bila kulowesha. Sabuni, aliyeitwa hivyo mtaani kwa kuwa hashikiki, alisoma tangazo ukutani: nyumba itakayokutwa tupu na mkaguzi wa manispaa leo italipiwa kodi ya jengo maradufu, ili wenye nyumba wawapangishe wasio na pa kulala. Akamshukuru Mungu kwa riziki, ingawa Mungu hakuwamo katika shauri hilo.

Alikwenda moja kwa moja kwa Tajiri, ambaye nyumba yake ilikuwa na kufuli mwaka wa sita ikingoja bei ipande. Akamweleza kwamba yeye hukodisha familia: masufuria, kandambili mlangoni, nguo kambani na mama wa kukaanga vitunguu. Mkaguzi akiondoka, nao wanaondoka. Tajiri alilipa papo hapo, akaomba aongezewe kichanga bila malipo.

Mama wa kukodi alikuwa fundi cherehani aliyefukuzwa chumbani wiki ile, akilala na binti zake wawili kwenye baraza la duka. Aliahidiwa sahani ya chakula. Alikubali upesi mno, na Sabuni angeshtuka, ila mtega mtego hatazami nyuma yake.

Mkaguzi, mama wa makamo mwenye mwavuli, alifika saa nne, akamkuta fundi akikaanga vitunguu, Tajiri na Sabuni wakiwa kando yake. Hakutaka mkataba. Alisema karatasi kila mtu anajua kuzipika. Yeye huandika kauli zilizotamkwa mbele ya majirani, na mwongo hufungwa miezi sita. Akawaita kinyozi na muuza mkaa.

"Huyu mama ni mpangaji wako?" alimuuliza Tajiri.

"Wangu kabisa," alisema Tajiri.

Mkaguzi akaeleza kwamba msamaha wa kodi hiyo maradufu hudumu muda ule ule atakaokaa mpangaji. Akauliza, atakaa muda gani?

Tajiri hakumtazama mtu. "Miaka kumi."

"Na pango analipa nani?"

Sabuni alikwisha kuusogelea mlango wa nyuma. Fundi akamshika mkono kwa upole, kama ndugu wa tumbo moja.

"Huyu hapa, kaka yangu. Ana aibu tu. Sema, kaka, tusije tukaonekana waongo."

Tajiri akamkanyaga Sabuni mguu. Sabuni aliutazama mlango, kisha kalamu ya mkaguzi.

"Nitamlipia dada yangu pango," alisema, "miaka yote kumi."

Mkaguzi akamtaka arudie kwa sauti, maana muuza mkaa ni mzito wa masikio.

"Nitamlipia dada yangu pango, miaka yote kumi!"