Pepo wa Projekta Kanisani Mwisenge

Jamani, leo nimejiaibisha kanisani. Mbele ya watu wote. Na wageni! Naandika mwenyewe kabla kina mama wa Mwisenge hawajawaletea habari wakiwa wameongeza chumvi.

Mnajua mimi ndiye niliyekuwaga mtu wa projekta. Programu yetu ya kuonyeshea nyimbo ilikuwa ya kununua, inakubali kompyuta moja tu, kwa hiyo matawi yetu ya Bugwema na Kisorya walikuwa wanaimbaga kwa kukariri. Sasa Neema, binti wa kwaya, akaja na programu huria. Bure. Unaigawa kwa kanisa lolote bila kuvunja sheria. Anayeweza anaifungua ndani na kuirekebisha, na Neema alishageuza vitufe vyote vikawa Kiswahili, akaweka na nyimbo za Kijita za bibi zetu wa Bugwema. Leo ilikuwa majaribio. Ikienda vizuri, matawi wanapata. Ikiharibu, basi tena.

Mimi nilipinga (wivu, nakubali). Nikamwambia mchungaji, "Kitu ambacho kila mtu anaruhusiwa kukifungua na kukibadilisha, shetani naye si anaruhusiwa?"

Akasema, "Baba Magori, tuijaribu kwanza."

Haya. Asubuhi wingu zito limetoka ziwani, nje giza. Ndani tumefunga mapazia na kuzima taa ili maneno yaonekane ukutani. Neema yuko mbele kwenye laptop ya kanisa. Mimi nimekaa na wazee wa kanisa, nimenuna. Tukaimba ubeti wa kwanza, nikaegemea kiti.

Kile kimshale cha kompyuta, kinachoonekana ukutani juu ya maneno, kikaanza kutembea.

Polepole. Neema akainua mikono yote miwili. "Mimi sijagusa!" Kimshale kinatembea tu, kikapita juu ya maneno, kikasimama. Halafu wimbo ukabadilika wenyewe. Ukaja wa mazishi.

Kwaya ikakata wimbo. Mvua ndiyo inaanza kugonga bati. Nywele zilinisimama, nawaambia kweli. (Na moyoni nafurahi. Binadamu!)

Mchungaji akasema tuinamishe vichwa. Tukatulia, nacho kikatulia. Tukasema amina, kikaruka! Ukurasa ukageuka, yaani kama kinatusikia. Bibi Nyabise, aliyetoka Bugwema kuja kuziona nyimbo zake, akakaza kitenge akaanza kusogea mlangoni.

Hapo nikasimama. "Si nilisema? Si nilisema mimi?" Nikapiga hatua. Ukutani nyimbo zikapita mbiombio: mazishi, ubatizo, mazishi. Watu wakapiga yowe. "Toka!" nikaunguruma, naruka kabisa. Kadiri ninavyokemea ndivyo pepo anavyopanda. Neema machozi yanamtoka. "Basi, naifuta," akasema. "Naifuta yote."

Kazi yake yote ile! Tayari alishaweka kidole kwenye kitufe.

Bibi Nyabise akageuka pale mlangoni, akanyoosha mkono. Siyo ukutani. Kwangu.

"We baba. Mfukoni mwako mnawaka nini?"

Kanisa zima likageuka. Katika giza lile, kwenye koti langu jepesi la kijivu, taa ndogo nyekundu inawaka, inafifia, inawaka.

Kipanya! Kile cha laptop, kisichotumia waya. Huwa naondokaga nacho mfukoni watoto wasikichezee, na leo nimekisahau kimewashwa. Kila nikitikisika, kimshale kinatembea. Nikikibana, kinabonyeza. Pepo aliyekuwa anakemewa, na aliyekuwa anakemea, wote ni mimi.

"Baba Magori," mchungaji akasema taratibu, "kaa chini. Usitikisike."

Nikakaa. Koti likabanwa na kiti. Ukutani ukaja tena wimbo wa mazishi.

Jamani, watu walicheka! Mzee mwenzangu alitoka nje kwenye mvua akacheke vizuri. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikampelekea Neema kipanya kwa mikono miwili, nikamwomba msamaha mbele ya wote, na hapo sikuwa na mzaha hata kidogo. Bibi Nyabise akaimba Kijita akisoma ukutani, na programu ikapitishwa bila mtu kupinga. Matawi wanapata.

Mchungaji akamuuliza Neema anataka nani wa kumsaidia kuipeleka Bugwema. Akanitazama weee.

"Mzee aje," akasema. "Ila tutampekua mlangoni."

Kwa hiyo mkinikuta njiani naelekea Bugwema mifuko imegeuzwa nje, nisalimieni tu mpite.