Bango la Chapati Katika Darasa la Graphics

Leo nimejivua nguo mbele ya watu arobaini. (Si nguo za kweli, tulieni. Afadhali hata zingekuwa za kweli.)

Niwaambie ilivyokuwa. Mimi nasomea kompyuta, mwaka wa nne. Miaka mitatu ya kwanza unapangiwa masomo kama mtoto wa nasari. Ukifika wa nne, chuo kinakupa orodha ya yuniti na kukuambia: wewe sasa ni mtu mzima, chagua.

Wenzangu waliuliza waliotangulia. Wengine wakasoma maelezo ya kila yuniti mpaka chini. Mimi nilisoma jina. Graphics.

Nikacheka peke yangu. Graphics! Mimi! Mimi ninayetengenezea mabango nusu ya Makongeni kwa simu! Harusi, matanga, mkesha wa kanisa, saluni ya Mama Brayo. Ukitaka bango mtaani kwetu unaambiwa, mwone Nekesa. Bango la chapati za mama yangu liko pale kibandani kwake na wateja wanalipiga picha kabla ya kula. Hiyo A niliihesabu kuwa yangu siku hiyo hiyo.

Sasa, ningenyamaza, ningeaibika peke yangu. Lakini mdomo huu! Rafiki yangu Otieno, kijana wa Dandora, alikuwa amejiandikisha yuniti ya usalama wa mitandao. Nikamfuata.

"Otieno, mbona unajitesa?"

"Nataka kazi ya benki."

"Wacha hiyo. Chukua Graphics. Ni kuchora tu. Rangi, picha, maandishi. Tutakula A kama njugu."

"Umesoma maelezo yake?"

"Maelezo ya nini? Si jina linajieleza?"

Akabadilisha. Halafu akamwambia Wanjiru, tunayesoma naye. Wanjiru naye akabadilisha. (Roho za watu wawili. Nitajibu siku ya kiyama.)

Leo asubuhi ndilo lilikuwa darasa la kwanza. Nimepiga pasi blauzi. Nimeweka mabango kumi na mawili kwenye flashi. Mama akanitazama juu mpaka chini.

"Unaenda harusi?"

"Naenda chuo, Mama. Leo bango lako litaonekana na wasomi."

Alifurahi, maskini. Akaniambia niwasalimie hao wasomi.

Darasani nikakaa mbele kabisa. (Sijawahi kukaa mbele tangu nizaliwe.) Dakta akaingia, mama mmoja mpole wa kutoka Pwani, ambaye hupenda kufundisha akichanganya Kiswahili, tena Kiswahili kilichonyooka. Akauliza, "Kuna yeyote hapa aliyewahi kufanya kazi ya graphics?"

Kimya. Watu arobaini, kimya. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini wote wananyamaza. Mimi mkono wangu ulishapaa.

"Nimefanya sana, Dakta. Hata kazi zangu nimekuja nazo."

Uso wake ukachangamka. "Kweli? Njoo uwaonyeshe wenzako."

Nikaenda. Nikachomeka flashi. Projekta ikawaka, na ukuta mzima ukajaa: CHAPATI MOTO MOTO KWA MAMA NEKESA. Chapati tatu zinaelea angani, zimeinama upande, mvuke unapanda, malaika mmoja kwenye kona. (Malaika msiniulize. Mama ndiye alimtaka.)

Dakta akavaa miwani. Akasogea karibu na ukuta. Na hapa ndipo ubaya ulipoanzia, kwa sababu aliichukulia kazi yangu kwa uzito.

"Hii chapati ya kushoto," akasema, "umeizungusha kwa nyuzi ngapi?"

Nyuzi? Nikaitazama ile chapati. Nikamtazama Dakta.

"Dakta, haina nyuzi. Ni unga na mafuta tu."

(Nyuzi, nimejua baadaye, ndizo vipimo vya pembe. Mimi niliwaza uzi wa kushonea. Nilidhani anashuku usafi wa mama yangu!)

Nyuma mtu akakohoa. Kile kikohozi cha kuzuia kicheko.

"Namaanisha," Dakta akaendelea taratibu, "umetumia hesabu gani kuigeuza?"

"Sijatumia hesabu. Nimetumia simu. Unaweka vidole viwili, hivi, unazungusha."

Nikamwonyesha. Hewani. Kwa vidole viwili, mbele ya darasa zima, nazungusha chapati ambayo haipo.

Darasa likalipuka. Watu walilala juu ya meza. Kuna mmoja alitoka nje kabisa. Dakta peke yake hakucheka, na ni afadhali angecheka.

"Mwanangu," akaniambia kwa huruma, "sisi hapa tutasoma ile hesabu inayoiwezesha simu kuvitii hivyo vidole. Muhula mzima ni hesabu."

Akageuka ubaoni, akachora mabano makubwa yaliyojaa tarakimu. Nikayatambua palepale. Ni ile aljebra ya mwaka wa pili, ambayo mtihani wake niliurudia. Mara mbili.

Darasa lilipoisha, Otieno alikuwa ananisubiri mlangoni.

"Wee Nekesa. Si ulisema ni kuchora tu?"

Wanjiru alinitazama tu jinsi watu hutazama jeneza.

Tukakimbia sote watatu hadi ofisi ya kubadilisha yuniti. Karani hata hakuinua kichwa.

"Kubadilisha kulifungwa jana jioni."

"Hata kwa mgonjwa?" nikauliza.

"Unaugua nini?"

Kabla sijafungua mdomo, Otieno akamjibu: "Kimbelembele."

Karani alicheka mpaka akatafuta leso. Lakini hakufungua.

Sasa hivi ni saa kumi na moja jioni. Otieno na Wanjiru wako hapa sebuleni kwetu. Wamesema mimi ndiye niliwaingiza, kwa hivyo mimi ndiye nitawafundisha. Tuko swali la kwanza la zoezi alilotupa Dakta tangu saa nane. Nimewaambia naenda msalani, ndiyo maana napata nafasi ya kuwaandikia.

Ninyi mtakaochagua mwakani, jina la yuniti ni kama jina la mtu, lisiwadanganye. Hapa kwetu kuna jamaa anaitwa Amani, na hakuna wiki hajapigana.