Picha ya Siku ya Mfalme

Jumanne, 3 Juni 2025
Mwanangu Hisham anaota jino. Sijalala. Na Bibi Mahbuba hali chakula.

Bibi yangu huyu husema alipokuwa na miaka sita, huko Unguja, mwaka Mfalme Joji alipovishwa taji, babake alimbeba mabegani kwenda kutazama gwaride. Mfalme mwenyewe hakuja. Ililetwa picha yake kubwa, umati mzima ukasimama.

Wifi yangu Muhsina ana picha ya babu yao akipiga tarumbeta siku hiyohiyo. Kaitundika sebuleni kwake Mabela. Juzi kasema habari ya babu yake ina ushahidi, ya Bibi ni ngano tu. Mbele ya watu! Tangu hapo Bibi kanyamaza.

Nna mpango.

Jumatano, 4 Juni
Mume wangu Wael kagoma. Kasema kumdanganya mzee ni dhambi. Nikamwambia, kwa upole, achague: kuvaa kanzu na kilemba awe babake Bibi pichani, au kulala na Hisham na jino lake.

Kavaa. Binti yetu Ruba juu ya mabega, kibendera mkononi, nikawapiga picha kwenye ukuta wa nyuma ya nyumba. Duka la picha hapa Al Khoudh, Maskati, wakanitolea nyeusi na nyeupe. Nikaichovya kwenye chai ya rangi ipate uzee. Miaka karibu tisini kwa robo saa!

Wael kaja, kainywa ile chai. Kauliza mbona haina iliki.

Ijumaa, 6 Juni. Idi
Kwa Muhsina. Baada ya kula nikaitoa. Nikasema imetoka kwenye sanduku la marehemu mama.

Muhsina kaisogeza machoni. Kauliza, polepole, eti wifi, tangu lini Unguja ya wakati ule watoto wakavaa viatu vya kuwaka taa?

Viatu vya Ruba! Sikumvua! Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Bibi akaiomba picha. Akaitazama sana. Kisha akainuka, bila fimbo. Akasema macho yake mabovu lakini Wael anamjua. Akasema siku ile pia ilikuja picha tu, na watu wazima walisimama, na babake alimnong'oneza atulie.

Hakuna aliyecheka tena. Mmoja mmoja wakasimama. Muhsina wa mwisho, lakini kasimama.

Garini Bibi kanishika mkono. Kasema ahsante mwanangu, ila usirudie. Nikaapa.

Jumamosi, 7 Juni
Bibi kala kipande cha mkate wa kumimina, kaomba na cha pili. Anazungumza tangu alfajiri. Kasema mamake naye alikwenda siku ile, nyuma kule kwa wanawake, wala hana picha yake hata moja. Akafuta macho kwa upande wa kanga.

Chai iko jikoni, safari hii nimeikoleza.

Nimempigia Muhsina. Ana buibui la kamba, la zamani hasa. Kakubali kulivaa mwenyewe awe mamake Bibi pichani, mradi asimame mbele.

Viatu nitamvua mimi.